Neno la Kiingereza "Mine": Yangu, na Mgodi

Katika lugha ya Kiingereza liko neno fupi la herufi nne tu, "mine", ambalo hutamkwa "main". Sisi tulio walimu katika nchi hii ya Shinyanga na Geita hatuwezi kulipita bila kusimama, maana watoto wetu hulikuta mahali pawili. Hulikuta katika kitabu cha sarufi, ambako maana yake ni "yangu", na hulikuta tena katika mabao yaliyosimamishwa kando ya barabara, ambako maana yake ni "mgodi". Mwanafunzi mmoja alipewa sentensi "This mine is mine" aigeuze kwa Kiswahili, akaandika, "Yangu hii ni yangu." Darasa zima likacheka. Walakini ukiitazama sana sentensi ile utaona kwamba mtoto yule alikuwa karibu na jambo kubwa, nalo ndilo tutakalo kuliangalia leo: mtu asemapo juu ya mgodi kwamba ni wake, amesema nini hasa?

Kwanza tuondoe dhana moja isiyo kweli. Mtu aweza kufikiri kwamba Waingereza waliliita shimo la madini kwa jina hilo kwa sababu kila alionaye husema ni lake. Sivyo. Haya ni maneno mawili yaliyozaliwa mbali mbali, kisha yakakutana njiani na kuvaa nguo moja. Lile la "yangu" ni la kale sana katika Kiingereza, nalo ni ndugu wa "mein" ya Wajerumani. Katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 lilitumika hata mahali ambapo leo watu husema "my", hasa mbele ya neno lianzalo kwa vokali. Lile la mgodi liliingia kutoka Kifaransa, na wataalamu wengi hudhani kwamba asili yake ni lugha za Kikelti za zamani. Basi kufanana kwake ni bahati tu, kama kwetu kaa la moto, na kaa wa pwani, na kukaa kitini. Mtu asijenge hoja juu ya bahati. Lakini bahati nayo yaweza kutukumbusha swali ambalo lilikuwapo siku zote, hata pasipo Kiingereza.

Iko maana ya tatu, nayo ni mbaya. Zamani za vita vya ngome, askari walichimba njia chini ya kuta za adui ili zianguke. Kazi hiyo ya kuchimba nayo ikaitwa kwa jina lile lile la mgodi, na baadaye baruti ilipowekwa ndani ya mashimo hayo, jina likahamia kwenye baruti. Ndiyo maana leo bomu lililofukiwa ardhini au kutegwa baharini laitwa "mine". Mabomu hayo yana tabia ya ajabu: hayamjui aliyeyaweka, wala hayajui kwamba vita vimekwisha. Mwaka 1997 mataifa mengi yalifanya mkataba wa kukataza yale ya ardhini yanayotegewa watu, na Tanzania ikaingia mwaka 2000. Na hapa tuongeze habari ya fahari kidogo: katika Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine, hufunzwa panya buku wa kunusa baruti. Mmoja wao, jina lake Magawa, aliyezaliwa huko, alipelekwa Kambodia akagundua mabomu na baruti zaidi ya 100, na mwaka 2020 akapewa nishani ya dhahabu na chama kimoja cha Waingereza kinachotunza wanyama. Alikufa Januari 2022. Hatujui panya mwingine yeyote aliyevaa dhahabu. Na wachimbaji wengi wa Geita hawajapata kuivaa.

Tuiache maana hiyo, turudi kwa "yangu".

Katika Kiswahili neno hili halina nguo moja. Twasema jembe langu, kitabu changu, mbuzi wangu, nyumba yangu, mahali pangu. Mwingereza aweza kusema "mine" bila kujali ni kitu gani, na neno likasimama peke yake, halibadiliki kama asema juu ya mtoto au juu ya kijiko. Sisi hatuwezi. Ni lazima kwanza mtu ajue ni kitu gani, ndipo apate kusema langu au changu au wangu. Kitu hutangulia, na neno la mwenye kitu hukifuata na kuchukua umbo lake. Tena, tupendapo kusema kwamba tuna mali, twasema "nina", yaani "mimi na": nina ng'ombe, nina homa, nina mgeni, nina deni. Lugha yatuweka pamoja na kitu, haituweki juu yake. Na "mwenye" ni vivyo hivyo. Yuko mwenye nyumba, na yuko mwenye njaa, na yuko mwenyeji, ambaye hajanunua kitu bali amekaa mahali tu. Liko pia neno "kumiliki", tulilolipata kwa Waarabu, lenye shina moja na "malkia". Hilo ndilo la kuwa juu ya kitu.

Wala tusijisifu kwa ajili ya sarufi. Wezi wa ng'ombe nao husema Kiswahili na Kisukuma kwa ufasaha, na mwaka 1982 Sungusungu wa Kahama na Shinyanga hawakuinuka kwa sababu watu walikuwa hawajui kutofautisha "wako" na "wangu". Lakini lugha yatuonyesha jambo la kufikiri. Kalamu yake mtu aweza kuiuza au kuivunja. Mtoto wake hawezi. Mgeni wake si mali yake kabisa, bali akiibiwa usiku, aibu ni ya mwenye nyumba. Deni lake hawezi kulitupa barabarani, na kosa lake hata akilikana hubaki kuwa lake. Neno ni lile lile, "-ake", lakini katika kalamu lasema uwezo, na katika kosa lasema kujibu. Katika mtoto yasemwa yote mawili. Mgodi je? Uko upande wa kalamu, au upande wa mtoto, au upande wa deni?

Tuanze na mgodi wa Mwadui, maana hapo mtu mmoja alisema "yangu" kuliko watu wengi duniani wapatavyo kusema. John Thorburn Williamson, Mkanada, mtaalamu wa mawe, alitafuta almasi katika nchi hii miaka mingi, akiwa na fedha kidogo na homa nyingi, na wengine wakimcheka. Mwaka 1940 aliipata Mwadui, na mwamba ule wenye almasi, ambao upana wake juu ya ardhi ni hekta zipatazo 146, ni mmojawapo wa miamba mikubwa ya namna hiyo iliyopata kuchimbwa. Makampuni makubwa yalitaka kuununua, naye akakataa. Akabaki na mgodi wake mpaka alipokufa mwaka 1958. Mwaka 1947 lilitoka humo jiwe la rangi ya waridi, lenye karati 54.5, yaani gramu zisizofika 11, akampa binti mfalme Elizabeth kuwa zawadi ya arusi. Likachongwa likabaki karati 23.6, na mwaka 1953 likatiwa katika ua la almasi ndogo, la kubandika kifuani, ambalo Malkia alilivaa miaka mingi. Jiwe likaitwa kwa jina la mwenye mgodi, si kwa jina la mkono uliolitoa changaraweni.

Basi hoja ya Williamson ni hoja ya mtafutaji: nimepata, kwa hiyo ni changu. Tusiwe wepesi kuidharau. Almasi ile ilikuwapo chini ya miguu ya wachungaji tangu zamani sana, na haikumfaa mtu. Aliyeifanya iwe almasi machoni pa watu ni yule aliyeitafuta, na taabu yake ilikuwa ya kweli. Lakini hoja hii yampa mtafutaji haki ya ujira, hata ujira mkubwa. Kama yampa kitu chenyewe, hilo ni jambo jingine. Mtoto akiokota ng'ombe aliyepotea porini husifiwa, hupewa maziwa, pengine hupewa ndama. Hasemi kwamba ng'ombe ni wake. Mtu atajibu kwamba ng'ombe yule ana mwenyewe, bali almasi haikuwa na mwenyewe. Ndipo tuulize: kitu kisichojulikana na mtu yeyote chaweza kuwa na mwenyewe, au hakiwezi?

Mwingereza John Locke, aliyetoa kitabu chake juu ya serikali mwaka 1689, alijibu kwa njia nyingine. Alisema kwamba dunia wamepewa watu wote, lakini kila mtu ana mwili wake na kazi ya mikono yake. Achanganyapo kazi yake na kitu cha dunia, kitu kile huwa chake, maadamu amewaachia wengine vya kutosha na vyema kama hicho. Wengi wamelishika neno hili, nasi twaona lina kweli ndani yake. Lakini katika mifano yake yumo farasi wake, na yumo mtumishi wake, na hata madini ayachimbayo mwenyewe hayakusahauliwa. Vyote vitatu avihesabu kuwa vyampa bwana milki. Hapo twasimama. Ikiwa kazi ndiyo ifanyayo kitu kuwa cha mtu, kwa nini kazi ya mtumishi yafanya kitu kuwa cha bwana? Farasi hawezi kuuliza. Mtumishi aweza. Atasema bwana, "Nimemlipa." Ni kweli, na mapatano ni mapatano, lakini basi milki haikutoka katika kazi tena, imetoka katika fedha iliyokuwapo kabla ya kazi. Na lile sharti la kuwaachia wengine vya kutosha na vyema kama hicho, nani awezaye kulitimiza katika dhahabu? Aliyechukua jiwe la waridi hakuacha lingine kama hilo pembeni kwa ajili ya mwenzake.

Wachimbaji wadogo wa Geita wana njia yao, ambayo kwa maoni yetu ina hekima kuliko wengi wadhanivyo. Twende Nyarugusu au Rwamgasa, tutaona shimo moja, duara kama wenyewe wasemavyo, na watu wengi wakisema juu yake "letu" kwa sababu mbali mbali. Yuko mwenye leseni, yuko mwenye shamba, yuko mwenye duara aliyetoa fedha za magogo na chakula na kamba, na wako wanaoshuka chini. Mawe yakitoka hutiwa katika mifuko, na mifuko hugawanywa kwa mafungu waliyoagana tangu mwanzo, kisha kila mtu apeleka fungu lake kwenye karasha. Hapana aliye na yote. Mshuka chini hapati mshahara. Apata mawe, na mawe yakiwa matupu, amefanya kazi bure. Ugomvi hautoki humo kabisa, wala udanganyifu; tena, fedha ikipatikana, cha mlevi huliwa na mgema, na vilabu vya machimboni vyajulikana. Walakini mgawanyo ule wakiri jambo ambalo Locke hakulikiri, kwamba shimo moja laweza kuwa na "yangu" nyingi, na hapana moja iliyo kamili.

Lakini wako wengine wasiotajwa katika mafungu hayo: wenyeji. Hao hawasemi "tumetafuta" wala "tumechimba". Husema, "Babu zetu wamezikwa hapa." Mwaka 1996, katika mwezi wa Agosti, wachimbaji wadogo kwa maelfu waliondolewa katika Bulyanhulu, wilaya ya Kahama, kwa muda mfupi, maana leseni ilikuwa ya kampuni; mabishano juu ya mambo ya siku zile yalifika hata Benki ya Dunia, na mgodi mkubwa ukafunguliwa mwaka 2001. Waliofukuzwa walikuwa wa namna nyingi: wengine wenyeji, wengine wamekuja kutoka mikoa ya mbali kwa ajili ya dhahabu tu. Kila mmoja alikuwa na "yangu" yake, na kampuni ilikuwa na karatasi. Nasi twasema wazi kwamba karatasi si kitu cha kudharau, kwa kuwa pasipo karatasi mwenye nguvu ndiye asemaye "yangu" kuliko wote. Bali karatasi huandikwa na mtu, na mtu yule ametoa wapi haki ya kuandika?

Jibu la nchi yetu lajulikana. Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ardhi yote ni ya umma, na Rais ameishika kama mdhamini. Na kwa Sheria ya Madini ya mwaka 2010, pamoja na marekebisho ya mwaka 2017, madini nayo ni vivyo hivyo. Ndiyo sababu mtu aweza kuwa na shamba lake, na mwingine akapewa leseni ya kilicho chini ya shamba lile. Mwenye mihogo alipwa fidia ya mihogo. Fikira hii ina mizizi ya zamani. Mwaka 1958, kabla ya uhuru, Julius Nyerere aliandika maneno yaliyoitwa Mali ya Taifa, akifundisha kwamba ardhi ni zawadi ya Mungu kwa watu wote, na kwamba mtu kwa jasho lake hupata haki ya kile alichokifanya juu yake na ya kuitumia, si haki ya ardhi yenyewe. Mtu aliyelelewa Usukumani hataona fikira hii kuwa ngeni.

Basi, mgodi si wangu wala wako, ni wetu. Tungependa kukomea hapo, kwa kuwa neno "wetu" ni tamu mdomoni. Lakini na hilo lina mtego wake. Mtu akisema "nyumba yetu", hatujui kama amemhesabu yule anayesema naye, au amemwacha nje: yetu mimi na wewe, au yetu sisi, nawe huko uliko ni mgeni? Lugha haisemi. Meneja wa kampuni asema "mgodi wetu". Afisa wa serikali asema "madini yetu". Mama auzaye nyanya mbele ya lango la mgodi, yeye naye husema "mgodi wetu", hata kama hajavuka lango lile. Wote watatu wamesema neno moja. Mwaka 2017 mrabaha wa dhahabu ulipandishwa toka asilimia 4 hadi 6, na sheria ikaitaka serikali iwe na hisa zisizopungua asilimia 16 katika migodi mikubwa. Tena halmashauri ya wilaya hupata sehemu ya mauzo kuwa ushuru wa huduma. Hizo ndizo namna za kumgawia mama yule "wetu" yake kwa hesabu. Sisi walimu tumo, maana madarasa mengine tunayofundishia yamejengwa kwa fedha hizo. Hatuwezi kusimama pembeni na kunyoshea wengine kidole kana kwamba hatujala.

Iko tofauti moja ambayo twaona yastahili kukaliwa zaidi. Hoja ya Nyerere yafaa sana kwa shamba. Mtu akilima mtama leo, ardhi hubaki. Mwakani mwingine aweza kulima. Mkoa wa Shinyanga wajua jambo hili kwa ngitili, yaani sehemu ya malisho ambayo hufungwa wakati wa masika ili nyasi na miti ipate kuota, na kufunguliwa kiangazi ng'ombe wanapokosa chakula. Desturi hiyo ilikuwa imekaribia kufa, na nchi ikawa tupu. Kuanzia mwaka 1986, kwa kazi iliyoitwa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ilifufuliwa, na kabla ya miaka ishirini kupita miti ilikuwa imerudi juu ya hekta zaidi ya 300,000. Ngitili nyingine ni za mtu mmoja, nyingine za kijiji kizima. Lakini zote zina jambo moja: asemaye "ngitili yangu" asema wakati huo huo "sitaigusa mpaka wakati wake". Hapo "yangu" ni neno la kujizuia.

Dhahabu haina masika. Gramu chache zitolewazo katika tani ya mawe hazirudi tena chini. Ng'ombe huzaa, mtama huota, hata mti uliokatwa hutoa chipukizi. Madini huvunwa mara moja tangu dunia kuumbwa mpaka mwisho wake. Kwa hiyo "kutumia" na "kumaliza" ni maneno mawili juu ya shamba, bali juu ya mgodi ni neno moja. Mgodi wa kwanza wa Geita ulifanya kazi tangu 1936 hata 1966, ukafungwa. Ule mkubwa wa sasa ulianza kutoa dhahabu mwaka 2000, nao una siku yake ya mwisho. Watoto watakaozaliwa baada ya siku ile ni watu wa Geita sawasawa na sisi, nao hawakuitwa kwenye mgawanyo wa mifuko. Ikiwa dhahabu ni zawadi kwa watu wote, wao nao ni watu. Hatusemi kwa ajili hiyo kwamba dhahabu iachwe chini. Kitu kisichomfaa mtu milele si zawadi. Twasema kwamba aliyeitoa amechukua fungu la wasiokuwapo, na inampasa aonyeshe ameweka nini mahali pake: shule, maji, miti, barabara, au nini.

Na kitu kimoja huwekwa mahali pake bila kuombwa, nacho ni shimo.

Hapa ndipo twarudi kwa kalamu na deni. Watu wote tuliowataja, mtafutaji, mfanya kazi, mwenyeji, mwenye leseni na serikali, husema "yangu" au "yetu" juu ya dhahabu. Tuwaulize juu ya tope, je, ni lao pia? Zebaki ndiyo ishikayo chembe za dhahabu katika beseni. Kisha huchomwa motoni, dhahabu hubaki na moshi huondoka. Moshi ni wa nani? Mchimbaji aliyekwenda Rwamgasa na beseni lake asema mara moja, "Dhahabu hii ni yangu." Hatujapata kusikia mtu akisema, "Moshi huu ni wangu," ingawa waingia kwanza katika mapafu yake, na ya mkewe apikaye karibu, na ya mtoto aliye mgongoni. Katika mji wa Minamata, Ujapani, kiwanda kilimwaga zebaki baharini miaka mingi. Ugonjwa ulitangazwa mwaka 1956, na serikali yao haikukiri sababu yake mpaka 1968. Kwa miaka 12 faida ilikuwa na mwenyewe, na sumu ilikuwa haina mwenyewe. Mkataba wa dunia juu ya zebaki, wa mwaka 2013, umechukua jina la mji ule.

Basi maoni yetu ni haya. "Yangu" ya mgodi si ya kalamu. Ni ya mtoto au ya deni: asemaye mgodi ni wake amesema pia kwamba shimo ni lake, na tope ni lake, na ukuta ukibomoka ni wake, na waliomo chini ni watu wake. Asiyetaka kusema hayo ya pili, hata yale ya kwanza hajayasema sawasawa. Amechukua tu, na kuchukua si kumiliki. Tena kipimo hiki hakichagui rangi wala ukubwa. Kampuni hupimwa nacho, na serikali, na mchimbaji mwenye duara moja, na bwana arusi wa Hong Kong au wa Dar es Salaam anunuaye pete. Mwaka 2022 jiwe jingine la waridi lililotoka Mwadui liliuzwa huko Hong Kong kwa dola zaidi ya milioni 57, likiwa na karati 11.15. Aliyelinunua ni lake, hatubishi. Lakini "lake" hiyo imefunguliwa mlango na watu wengi, na sehemu ya deni imo ndani ya kisanduku pamoja na jiwe.

Mtu atasema kwamba twataka mno, na kwamba hakuna atakayechimba kwa masharti hayo. Sheria yenyewe yakaribia kusema kama sisi, maana yamtaka mwenye mgodi mkubwa aonyeshe tangu mwanzo jinsi atakavyoufunga, na kuweka dhamana ya fedha kwa ajili hiyo. Buzwagi, karibu na Kahama, ulianza 2009 ukakoma 2021, na mahali pake pametengwa kwa ajili ya viwanda. Yawezekana, basi. Kwa mchimbaji mdogo ni vigumu zaidi, kwa kuwa afunguapo duara hajui kama atakula jioni. Umaskini humfanya mtu aone siku moja mbele yake na asione ya pili. Hatumhukumu kama tumhukumuvyo mwenye mashine. Lakini hatumwondoi katika hukumu.

Tena watu hawa wadogo wametuonyesha upande mwingine wa neno hili. Oktoba 2015, katika machimbo ya Nyangarata, Kahama, ardhi ilititia na watu sita wakafukiwa chini. Walihesabiwa kuwa wamekufa. Baada ya siku 41 watano kati yao wakatolewa wakiwa hai. Walikuwa wameishi kwa mizizi na wadudu na vyura na maji yaliyotiririka mawe. Mmoja alikuwa amekufa huko huko. Sauti zao ziliposikika, kazi ya siku ile ikawa ni kufukua, si mawe ya dhahabu, bali watu. Hapana aliyeuliza leseni ya duara lile ni ya nani, wala mfuko wa nani utapungua. Walisema "wenzetu", neno ambalo nalo lina "-etu" ndani yake, na ambalo mtu hawezi kulisema juu ya kitu cha kuuzwa.

Tumeona katika vijiji vingine vya Geita mashamba yenye maduara yaliyoachwa. Waliochimba wamekwenda kwingine kulikosikika habari za dhahabu mpya, hata majina yao hayajulikani. Mvua ikinyesha, mashimo hujaa maji ya rangi ya udongo, na kando yake mihogo yaendelea kuota. Wenye mashamba hukata matawi ya miiba wakayazungusha pande zote, ili ng'ombe na watoto wasitumbukie, na miiba ikioza hukata mingine. Hawakuchimba, wala hawakupata kitu. Ukiwauliza shimo ni la nani, hujibu kwamba ni lao, kwa kuwa liko katika shamba lao.